Jalada la Arobaini

Siku Mujiyat alipofariki, printa yake ilikuwa bado inatoa vitabu vya Yasini vya maiti mwingine. Ilikuwa oda ya familia moja ya nyuma ya soko la Muntilan, watu waliokuwa wanamsomea mama yao hitima ya siku ya mia. Mujiyat aliianzisha kazi hiyo asubuhi kabla ya kupelekwa hospitali kusafishwa damu. Alimwambia mkewe asiguse kitu. Karatasi zikikwama angezikwamua akirudi. Karatasi hazikukwama. Wakati gari la wagonjwa linaingia uchochoroni bila king'ora, uso wa yule mama wa watu ulikuwa unaendelea kutoka kwenye printa, mmoja juu ya mwingine, unatabasamu.

Mkewe, Bu Tumini, aliizima mwenyewe. Hakujua kitufe, akachomoa waya ukutani.

Katika mji wao wa Muntilan, mtu akifa husomewa siku ya arobaini, siku ya mia, hata siku ya elfu, na kila mgeni hurudi kwake na boksi la wali na kitabu kidogo cha Yasini chenye picha ya marehemu kwenye jalada. Vitabu hivyo ndivyo vilivyomlisha Mujiyat, mkewe na binti yao Palupi. Alikuwa na kamera, kiti kirefu, pazia la bluu na kompyuta moja kwenye chumba cha mbele. Watu walimletea picha za wazee wao zilizopigwa harusini au shambani, naye akawatoa taulo shingoni, akawavisha koti ambalo hawakuwahi kulivaa, akawafungua macho. Maiti wa Mujiyat wote walikuwa wamependeza.

Kompyuta yake ilitumia Linux, mfumo wa bure. Mafundi wenzake walitumia programu zilizovunjwa kufuli, zile zinazouzwa vichochoroni kwa bei ya sahani ya wali, na wakamcheka kwa kuzikataa. Walimwita Haji Linux, ingawa Maka hakuwahi kufika.

"Nitachapaje Yasini kwa kitu cha wizi?" alikuwa akiwajibu. "Watu wanamwombea maiti wao, mimi nawatilia najisi?"

Za halali hakuwa na uwezo wa kuzinunua, akajifunza hii ya bure mpaka akaielewa.

Figo zilipomshinda, aliamua kuuza kamera. Kabla mnunuzi hajafika, alivaa shati lake la batiki la kahawia, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akamwambia Palupi abonyeze. Ile ndiyo picha ya mwisho ya kamera ile. Akaitoa kwenye kadi, akaiweka kwenye kompyuta, kadi ikaenda na kamera. Kisha akaitengeneza kidogo kidogo, kila siku aliyopata nguvu ya kukaa.

"Yangu iko tayari humu," alimwambia Bu Tumini akigusa kioo. "Usije ukawapa ile ya kitambulisho. Pale jicho moja limefumba, kama mwizi wa kuku aliyemulikwa tochi."

"Nyamaza, Mas," mkewe alisema, akimwita kaka kwa desturi ya kwao. "Nani kakuuliza?"

Lakini aliisikia. Baada ya mazishi, katika yote aliyoachiwa, hilo ndilo lililokuwa wazi: jalada la arobaini litakuwa na picha ile.

*

Kila Ijumaa baada ya sala, Mujiyat alikuwa na kawaida ya kuipa kompyuta yake masasisho. Aliita kuiogesha. Palupi alikua anaiona shughuli hiyo: baba anaketi na kanzu yake bado mwilini, anaandika neno la siri, anasoma orodha, anabonyeza, anakunywa chai huku mstari ukijaa. Ijumaa ya pili baada ya maziko, kijisanduku kikajitokeza kwenye kioo kusema kuna vipya vinasubiri. Palupi alikaa kwenye kiti cha baba yake. Neno la siri alilijua, lilikuwa jina lake mwenyewe na mwaka aliozaliwa.

"Unafanya nini?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Namwogeshea Bapak mashine yake."

Bu Tumini alitoka, akajifuta mikono, akasimama nyuma ya kiti kutazama. Alifurahi.

Asichojua Palupi ni kwamba baba yake hakuwahi kukubali vyote. Kwenye ile orodha kulikuwa na mistari aliyokuwa anaiondolea alama mwezi hata mwezi, kwa sababu kadi ya picha ya kompyuta ile, kipande kinachochora vitu kwenye kioo, ilikuwa kongwe na watengenezaji walishaacha kuishughulikia. Hakumwambia mtu. Nani angeuliza? Palupi alikubali vyote. Mstari ukajaa, kompyuta ikaomba izimwe na kuwashwa, akaiwasha.

Kioo kikabaki cheusi. Juu kushoto kulikuwa na kijistari cheupe kinachowaka na kuzimika.

Walingoja mpaka chai ikapoa. Kikaendelea kuwaka na kuzimika.

*

Aliyeanza kuja ni Bu Ratmi, wa ile oda ya siku ya mia. Vitabu vyake vilikuwa nusu. Bu Tumini alimkaribisha, akamletea chai na kisahani cha vitumbua vya mchele, na yule mwanamke hakugusa kimoja wala kingine.

"Mimi sikulaumu, Bu," Bu Ratmi alisema. "Msiba hauna adabu. Lakini na mimi nina msiba wangu. Wageni wanakuja, nitawapa nini? Nusu wapate kitabu, nusu wapate pole?"

"Tuvumilie kidogo. Mashine inaumwa."

"Mashine ya Haji Linux nayo inaumwa?" Bu Ratmi alicheka, kisha akakumbuka yuko nyumba ya nani. "Samahani. Nipe tu picha ya mama na pesa niliyotanguliza. Nitakwenda kwa Koh Liang, mchapaji wa kule barabarani."

"Picha ya mama iko ndani ya mashine."

"Basi nipe vile vilivyokwisha."

Bu Tumini alivifunga kwa kamba ya nailoni na kumsindikiza hadi mlangoni akiinama. Bu Ratmi alipofika kona alisimama kuongea na muuza mboga, na wote wawili wakageuka kutazama nyumba.

Jioni hiyo alikuja Pakde Harsoyo, kaka mkubwa wa marehemu na baba mkubwa wa Palupi, karani mstaafu wa ofisi ya wilaya. Yeye ndiye aliyenunua sanda, akakodi hema na viti, na hakuna aliyeweza kusahau, kwa sababu hakuwahi kulitaja. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaitazama kompyuta kama mtu anayemtazama mkopaji.

"Nilimwambia," alisema. "Mujiyat, tumia wanachotumia watu. Ukipata shida, kila fundi wa mjini atakusaidia. Yeye? 'Haramu, kaka. Wizi, kaka.' Haya sasa, hiyo halali iko wapi?"

"Itapona, Pakde," Palupi alisema. "Nimeuliza kwa namba ya Bapak, kwenye kundi la simu la watu wa Linux. Kundi la Bapak."

"Kundi la simu! Watu usiowaona sura?"

"Bapak aliwajua."

"Walikuja kuzika?"

Hakuna aliyekuja. Hawakuambiwa.

*

Aliyemjibu kwenye kundi alikuwa mtu wa Malang, jina lake Wirawan, fundi umeme wa kiwanda cha sukari. Kwanza aliandika, "Hii namba si ya Pak Mujiyat?" Palupi akamweleza. Jibu likaja: "Innalillahi. Alinifundisha kupanga rangi za kuchapa. Haya, Mbak, dada, usiogope. Shikilia vitufe hivi vitatu kwa pamoja, uniambie unaona nini."

Palupi alishikilia. Kijistari kikatoweka na mahali pake yakaja maandishi meupe juu ya weusi, yakimuuliza jina na neno la siri.

"Mama! Njoo!"

Bu Tumini alikuja mbio na kisu cha vitunguu mkononi.

"Imepona?"

"Bado. Lakini inaongea."

Wirawan akampa neno moja la kuandika, na kioo kikajaa orodha ya mafaili: majina ya maiti wa Muntilan nzima, mmoja chini ya mwingine. Pale katikati lilikuwemo jina la Mujiyat mwenyewe, kistari, kisha neno "tayari".

Bu Tumini alikisogelea kioo. Aliweka kidole chini ya jina la mumewe, kidole kikaacha alama ya maji ya kitunguu.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, Mama."

"Sasa mbona simwoni?"

Palupi aliuliza swali hilo hilo kwa simu. Wirawan akaeleza taratibu, kama mtu aliyezoea kueleza wanafunzi wa kazi: kadi ya picha inahitaji kiendeshi, programu ndogo inayoiambia ichore nini kwenye kioo. Kiendeshi cha kadi yao ni cha zamani, na moyo mpya wa mfumo ulioingia Ijumaa haukubaliani nacho. "Mashine ni nzima, Mbak. Vitu vyote vimo. Imekosa tu wa kuichorea. Naingia kazini sasa hivi. Kesho nitakuelekeza. Usifute kitu."

"Inggih, ndiyo, Mas. Asante," Palupi aliandika. Aliona haya kumuuliza zaidi, mtu ambaye hakumlipa hata senti na tayari alishamchelewesha kazini. Kama angeuliza, je, hamna njia ya mkato, angejibiwa pale pale. Lakini alilelewa vizuri.

Bu Tumini alilala kwa amani kwa mara ya kwanza tangu maziko. Alijua mumewe yumo ndani, amekaa na shati lake la kahawia.

*

Kesho yake Palupi alikuwa zamu ya mchana kwenye kiwanda cha kushona jaketi. Simu hazikuruhusiwa kwenye mashine. Ziliachwa kwenye makabati ya chuma mlangoni.

Pakde Harsoyo alifika na pikipiki, nyuma amempakia fundi aitwaye Gatot, mwenye duka la kutengeneza kompyuta karibu na stendi. Gatot alikuwa kijana mnene, mpole, aliyevua viatu mbali na mlango.

"Pole sana, Bu," alisema. "Kitabu cha Yasini cha marehemu baba yangu alikitengeneza Pak Mujiyat. Alimvisha baba kofia nzuri sana. Leo sitaki chochote, hii kazi ni thawabu yangu."

Bu Tumini alimshukuru mpaka akakosa maneno. Alikwenda kuchemsha maji. Aliporudi, Gatot alikuwa amefungua ubavu wa kompyuta na anapuliza vumbi kwa uangalifu, anafuta feni kwa brashi kama mtu anayesafisha sikio la mtoto.

"Ndani ni safi, Bu. Aliitunza. Tatizo ni hii Linux yake. Sisi hatuijui sana, na mwenye kuijua ndiye huyo tumemzika. Dawa ni moja: kufuta na kuweka Windows. Jioni mnafanya kazi."

"Palupi anasema kuna mtu wa Malang..."

"Wa simu," Pakde Harsoyo alidakia, akimwambia Gatot. "Kijana wa kike, unajua tena. Shemeji, arobaini inakaribia. Tumwambie nani, yule wa Malang, aje kuchapa?"

Gatot alisita, bisibisi mkononi. "Ila Bu, niulize kwanza. Vitu vya humu vimeshahifadhiwa mahali pengine? Picha, kazi za watu? Maana nikishaanza, havirudi."

"Vimehifadhiwa," alisema Pakde Harsoyo. "Mdogo wangu alikuwa mtu wa mpangilio. Si ndiyo, shemeji?"

Bu Tumini aliomba radhi, akaenda chumbani kumpigia binti yake. Simu ikaita ndani ya kabati la chuma. Akapiga tena. Alirudi, akawakuta wote wawili wanamngoja, chai haijaguswa, kijana wa watu amechuchumaa sakafuni na soksi zake zilizotoboka.

Alijua. Jana aliliona jina kwa macho yake. Ilitosha kusema, hapana, bado. Lakini kusema hapana kulikuwa ni kusema shemeji yake amedanganya, tena mbele ya mgeni, tena mgeni aliyeletwa na shemeji huyo kwa pikipiki yake, kwa petroli yake, baada ya sanda na hema na viti. Katika ndoa yake yote hakuwahi kumwambia hapana mkubwa wa mumewe. Hakujua hata linaanzaje mdomoni.

"Inggih," alisema, ameinamisha kichwa. Ndiyo.

Gatot akachomeka flashi yake.

*

Palupi alipotoka zamu alikuta simu mbili za mama na ujumbe mmoja wa Wirawan. Akausoma wa Wirawan kwanza, amesimama kwenye maegesho ya pikipiki.

"Mbak, nimefikiri usiku. Huna haja ya kurekebisha kitu leo. Ukiiwasha, shikilia kitufe cha Shift mpaka menyu itokee. Chagua mstari wa pili, halafu chagua toleo la zamani. Ule moyo wa zamani bado umo, haukufutwa. Kioo kitarudi kama kilivyokuwa kwa baba. Nisamehe sikukuambia jana, nilikuwa na haraka."

Alimpigia mama yake, hakupokea. Akanunua tempe ya moto, vipande vya soya vilivyokaangwa, ile yenye pilipili mbichi, akaiendesha pikipiki akiwa ameifunga kwenye usukani, harufu inampiga usoni njia nzima.

Kutokea uchochoroni aliona mwanga mlangoni. Kioo kilikuwa kinawaka, bluu, picha kubwa na angavu. Alicheka peke yake.

"Mama! Umefanyaje? Umeshika Shift mwenyewe?"

Bu Tumini alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, si cha mumewe. Pakde Harsoyo alisimama, amejawa na furaha.

"Umeona? Mchana mmoja tu. Tena ameongeza na filamu, tele, mkichoka mtazame. Bure kabisa!"

Palupi aliketi. Alifungua folda moja, akafungua nyingine. Aliandika jina la baba yake kwenye kisanduku cha kutafutia. Mashine ikatafuta, ikasema haikuona kitu.

"Picha ya Bapak iko wapi?"

Akamgeukia mama yake.

"Mama, uliwaambia wainakili?"

"Niliulizwa," Bu Tumini alisema. "Nikasema ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo tu."

"Lakini jana uliliona! Uliweka kidole hapa!" Alama ya kidole ilikuwepo bado, juu ya ile bluu.

"Usimpaazie mama yako sauti," Pakde Harsoyo alisema. "Picha ni picha. Kuna ya kitambulisho. Yeye mwenyewe yuko kwa Mola wake, hayumo kwenye sanduku la plastiki."

Palupi alimtumia Wirawan habari. Akaulizwa swali moja: huyo fundi, baada ya kufuta, ameweka vitu vingi juu ya vile vilivyofutwa? Akaangalia. Diski ilikuwa imejaa filamu karibu yote. Akamwandikia hivyo.

"Pole sana, Mbak," Wirawan aliandika. "Vilivyofunikwa havirudi."

Tempe ilipoa mezani kwenye mfuko wake, mafuta yakaganda. Pakde Harsoyo ndiye aliyekula kipande kimoja kabla ya kuondoka, kwa kutotaka kuonekana anadharau.

*

Vitabu vya arobaini alivitengeneza Palupi mwenyewe, kwenye mashine ile ile, kwa programu alizoziacha Gatot. Kila akiifungua ile ya kutengenezea picha, dirisha dogo lilikuja kwanza na jina la aliyeivunja kufuli, likiwa na alama ya fuvu. Alilifunga kwa haraka, mama yake asione, na mama yake alikuwa ameshaliona.

Alijaribu kulifungua lile jicho la picha ya kitambulisho. Baba yake angeweza. Angechukua jicho zima, akaligeuza, akalipandikiza upande wa pili, akalififisha kingo. Palupi alijaribu mara nyingi. Kila mara alitoka mtu mwingine, aliyefanana na Mujiyat kama binamu. Mwishowe akaliacha kama lilivyo.

Usiku wa arobaini wanaume walijaa sebuleni mpaka barazani, wakasoma, sauti zikapanda na kushuka pamoja. Gatot alikuja na mkewe, akasoma kwa hisia, akalia mahali pa kulia. Maboksi ya wali yaligawiwa, kitabu juu ya kila boksi. Bu Ratmi alilipokea la kwake, akakitazama kitabu, akamnong'oneza aliye karibu, ila si kwa sauti ya chini vya kutosha.

"Makubwa. Fundi wa picha, halafu yake ndiyo hii?"

Bu Tumini alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwake, ameshika boksi lililofuata. Aliendelea kugawa. Kwa kila mgeni aliinama, na kwa kila mgeni alisema asante kwa kuja.

Wageni walipoisha alikichukua kitabu kimoja kilichobaki, akakaa nacho kwenye kiti cha wateja. Palupi alidhani anasoma. Alikuwa amefunika nusu ya uso wa mumewe kwa dole gumba, ule upande wenye jicho lililofumba, anatazama nusu nyingine.

Kazi zimerudi. Watu wanaleta picha za wazee wao, na Palupi anazitengeneza baada ya zamu ya kiwandani. Chini kulia kwenye kioo kuna maandishi ya kijivu yanayosema nakala hii ya Windows si halali. Hayatoki, na amezoea kufanya kazi juu yake. Hakuna anayemwita Haji. Siku ya mia ya Mujiyat itaangukia baada ya mfungo, na vitabu vyake vimeshapangwa. Jalada ni lile lile.